Akifia mikononi mwangu je? Sheria na mtu anayempa mwenzake dawa ya kifafa

Basi lilitoka Ifakara alfajiri, na hatukuwa tumefika Mikumi binti wa kiti cha nyuma yangu alipoanguka. Kwanza sauti moja, kama ya mtu anayekabwa. Kisha mwili ukakakamaa, halafu mikono na miguu ikaanza kurusha. Konda akagonga bodi dereva asimame. Mzee mmoja akauliza nani ana kijiko. Mwingine, kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, akasema, "Angalieni hilo povu lisiwaguse."

Mama yake hakupiga yowe. Alimlaza mtoto ubavu kwenye ujia wa basi, akavua kilemba akakiweka chini ya kichwa chake, akatazama saa ya simu, akangoja. Kule kungoja kulitutisha kuliko povu. Zilipotimia dakika alizokuwa akizihesabu, akafungua mkoba na kutoa kichupa kidogo cha kioo, bomba la sindano, na karatasi iliyokunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Akavunja shingo ya kichupa kwa pindo la khanga, akavuta dawa, akaing'oa sindano na kuitumbukiza kwenye chupa tupu ya maji. Likabaki bomba peke yake. "Hii inapitia njia ya haja kubwa," alisema, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi. Wanawake watatu wakainuka, wakanyoosha khanga zao zikawa pazia. Mikono ya mama ikaanza kutetemeka. Akanitazama mimi niliyekuwa karibu zaidi. "Kaka yangu, nishikie bomba. Nikishindwa, utasukuma wewe."

Nilisita. Ningependa kusema nilikuwa nalinda heshima ya binti, lakini kichwani mwangu lilikaa swali moja tu: akifia mikononi mwangu je? Dada mmoja muuza dagaa akanisogeza kwa kiwiko, akalipokea bomba, akasukuma polepole kama alivyoelekezwa. Baada ya muda mikono ya binti ikalegea, akaanza kukoroma usingizi mzito.

Swali langu halikushuka na abiria wengine. Nimelifuata kwenye vitabu vya sheria na kwenye tafiti za madaktari, na nimegundua kwamba nilikuwa naliuliza vibaya.

Hofu ya sheria huanzia kwenye hofu ya dawa, kwa hiyo dawa kwanza. Mara nyingi mtu akianguka kifafa, mtikisiko huisha wenyewe ndani ya dakika moja, mbili au tatu, na kazi ya aliye karibu ni kumlaza ubavu, kumwondolea vya kumuumiza na kuacha kumtia kitu mdomoni. Kijiko hakizuii lolote, kinavunja meno. Mambo hubadilika pale mtikisiko unapoendelea bila kukatika. Mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa liliweka mipaka miwili kwa mtikisiko wa mwili mzima: dakika 5, ambapo tiba inapaswa kuanza kwa kuwa uwezekano wa kukoma wenyewe umeshuka, na dakika 30, ambapo ubongo unaweza kuanza kupata madhara ya kudumu. Yule mama alikuwa akiutazama ule mpaka wa kwanza kwenye simu yake.

Dawa zinazotumika hapo ni za ukoo mmoja: diazepamu, midazolamu, lorazepamu. Zinautuliza ubongo uliochachamaa, na kwa sababu hiyo hiyo zinaweza kupunguza kasi ya kupumua. Ndipo hofu inapopata miguu. Mtu anajiambia, nikimpa akaacha kupumua, nimemuua mimi. Nikikaa kimya akafa, kimemuua kifafa.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001 umenifanya niipime upya hesabu hiyo. Ulifanyika San Francisco, Marekani, kwa watu wazima 205 waliokutwa na wahudumu wa magari ya wagonjwa wakiwa bado wanatikisika. Wengine walipewa lorazepamu, wengine diazepamu, wengine dawa bandia, yaani sindano isiyo na dawa ndani ili kulinganisha, na mhudumu hakujua anampa nani nini. Matatizo ya kupumua na ya mzunguko wa damu yalijitokeza kwa asilimia 10.6 ya waliopewa lorazepamu na asilimia 10.3 ya waliopewa diazepamu. Kwa waliopewa dawa bandia, yaani waliobaki na kifafa chao, ilikuwa asilimia 22.5. Zaidi ya maradufu. Kweli, wale walikuwa wahudumu waliofunzwa, wenye vifaa, wakipitisha dawa kwenye mshipa. Abiria wa basi hana hata glavu. Lakini matokeo yanaonyesha hatari kubwa ilikolala, na mahakama yoyote inayouliza "ni nini kilichomdhuru mtu huyu?" haiwezi kuruka jambo hilo.

Sasa sheria. Tunaposema "sheria itanikamata" tunachanganya vitu vitatu vyenye milango tofauti: jinai, ambako anayekushtaki ni Jamhuri na mwisho wake unaweza kuwa jela, madai, ambako anayekushtaki ni ndugu wa mgonjwa na anachotaka ni fidia, na sheria za dawa na za taaluma, zinazouliza nani ana ruhusa ya kushika nini. Mtu anaweza kuwa salama kwenye mlango mmoja akakwama kwenye mwingine.

Kwenye jinai kuna maneno machache ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyataja redioni wala kwenye semina za huduma ya kwanza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya ni ndugu. Zote mbili zilianza kutumika mwaka 1930, na ukiufuata ukoo wao unafika mbali, Queensland kule Australia, ambako jaji Samuel Griffith aliandika kanuni iliyopitishwa mwaka 1899. Ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba anayejitwika kumtibu mwenzake, au kufanya jambo lolote halali linaloweza kuhatarisha uhai, ana wajibu wa kuwa na ujuzi wa kuridhisha na kuwa mwangalifu. Ila sentensi hiyo haikuachwa wazi. Katikati yake kumechomekwa maneno ambayo kwa Kiswahili changu ni "isipokuwa pale hali inapolazimisha."

Maneno hayo yamevuka bahari na kudumu zaidi ya karne, na yanamhusu moja kwa moja yule muuza dagaa. Sheria haikumdai ujuzi wa muuguzi. Hakufungua duka la tiba. Hali ilimlazimisha, kwenye basi lililosimama porini, hospitali ikiwa mbali.

Tusiyavute maneno hayo kupita yanapofika. Kanuni hiyo hiyo ina kosa la kumpa mtu dawa kwa pupa au kwa uzembe unaohatarisha maisha yake. Aliyeokota kichupa asichokijua kwenye mkoba wa mgonjwa akakisukuma chote, au aliyempa dozi ya pili kwa kuwa ya kwanza "imechelewa", atapata taabu kujificha nyuma ya dharura. Ninavyoielewa mimi, dharura inasamehe kutojua, haisamehe kutojali. Na hata kifo kikitokea, ili iwe ni kuua bila kukusudia, upande wa mashtaka lazima uonyeshe kitendo kisicho halali au uzembe wa kiwango kinachostahili adhabu. Kufuata maelekezo ya daktari mbele ya mzazi wa mtoto kuko mbali sana na hapo.

Mlango wa fidia ndio wenye mambo, na ndio uliozaa huko kwingine sheria za Msamaria Mwema, zinazomkinga anayemsaidia mwenzake kwa nia njema. Tanzania ilipokea sheria za mazoea za Uingereza, zile zilizojengwa na hukumu za majaji, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920; Kenya ilizipokea kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Katika sheria hizo mgeni hana wajibu wa kumwokoa mgeni. Ningeweza kugeuza uso dirishani nikahesabu mibuyu mpaka Morogoro, binti akaumia, na hakuna ambaye angenidai senti. Lakini pale tu ninapomgusa, nimejitwika wajibu wa uangalifu. Aliyekaa yuko salama, aliyesimama ndiye mwenye hatari. Ukisoma kwa jicho la mtu wa kawaida, sheria kama inakushauri ukae.

Majaji wa Kiingereza walilijua doa hilo, wakalipunguza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kipimo. Mahakama haikulinganishi na daktari bingwa wa Muhimbili; inakulinganisha na mtu mwenye busara aliyejikuta mahali pale, kwa dakika zile, akijua ulichokijua wewe. Ya pili ni ridhaa. Kumgusa mtu bila ruhusa yake ni kosa, na mtu anayetikisika hawezi kutoa ruhusa. Mwaka 1989 majaji wa juu kabisa wa Uingereza walilieleza hili vizuri, na Lord Goff akatoa mfano wa mtu anayemvuta mwenzake kwa nguvu asigongwe na gari: hakuomba ruhusa, na hakuna atakayemlaumu. Panapokuwa na ulazima, na unachofanya ni kile ambacho mtu mwenye busara angekifanya kwa faida ya mgonjwa, sheria inasimama badala ya ridhaa. Akiwa mtoto na mzazi yupo, hata huko hatufiki, maana mzazi amekwisha kusema.

Wenyewe Waingereza walikwenda mbele zaidi mwaka 2015 wakatunga sheria fupi inayoitaka mahakama izingatie kama mdaiwa alikuwa akimsaidia kishujaa mtu aliye hatarini. Wapo mawakili walioikejeli kwamba haikuongeza chochote ambacho majaji hawakuwa wakikifanya. Iwe iwavyo, ya kwetu ni ya 1920.

Hapa nina jambo la pembeni kidogo, ila linatuhusu tunaozungumza Kiswahili. Simama Kigoma utazame ng'ambo ya ziwa: Kalemie iko kule, na watu wake wanaongea lugha hii hii. Lakini sheria ya Congo ilirithi mkondo wa Ubelgiji, na huko kumwacha mtu hatarini wakati ungeweza kumsaidia bila kujihatarisha ni kosa lenye adhabu. Rwanda nako ni hivyo. Ufaransa, kwa kosa hilo, kifungo kinaweza kufika miaka 5 na faini euro 75,000. Kwa hiyo kitendo cha kugeuza uso dirishani, ambacho Kigoma ni uhuru wako, Kalemie ni jinai. Msaada unaodaiwa huko si lazima uwe dawa. Kuita msaada unaofaa kunaweza kutosha. Wakenya nao wana ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, inayosema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Inawagusa wenye hospitali. Abiria hatajwi.

Wamarekani walitaka uhakika, wakaandika sheria. California ilianza mwaka 1959, na mwanzoni kinga iliwalenga madaktari waliokuwa wakiogopa kusimama kwenye ajali. Leo kila jimbo lina sheria yake ya Msamaria Mwema. Ukisikia hivyo unaweza kudhani wenzetu wamemaliza. Hawajamaliza, na namna walivyokwama inafundisha kuliko namna walivyofaulu.

Kwanza, kinga iliyoandikwa ina kingo, na mtu anaweza kuanguka nje ya ukingo. Mwanamke mmoja wa California alimvuta mfanyakazi mwenzake kutoka kwenye gari lililopata ajali, akihofu litalipuka. Mwenzake akapooza, akamshtaki kwamba namna alivyomvuta ndiyo iliyomwumiza. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2008 majaji wanne dhidi ya watatu wakasema sheria ilivyoandikwa inamlinda anayetoa huduma ya tiba, na kumvuta mtu garini si tiba. Watu walipigwa na butwaa. Mwaka uliofuata wabunge wakaiandika upya sheria ile: huduma ya tiba au isiyo ya tiba, kwa nia njema, bila malipo, isipokuwa penye uzembe uliokithiri au ubaya wa makusudi.

Hayo maneno "bila malipo" ndiyo shimo la pili, na kwa wenye kifafa ndilo kubwa. Mtoto mwenye kifafa anaangukia wapi? Darasani, kwenye basi la shule, kwa yaya, uwanjani mbele ya kocha. Wote hao wanalipwa. Mpita njia asiye na bomba wala karatasi ana kinga; mwalimu mwenye dawa ya mtoto kabatini hana uhakika. Kwa hiyo wazazi wa Marekani waliacha kuitegemea sheria ya Msamaria Mwema, wakadai sheria za shule. Kentucky ilitangulia mwaka 2018, na majimbo mengi yakafuata. Sheria hizo zinafanana: awepo mtu shuleni aliyefunzwa, kuwe na mpango ulioandikwa na kusainiwa na daktari wa mtoto, na aliyeufuata kwa nia njema asibebeshwe lawama.

Mvutano ulitoka mahali ambapo sikupategemea: kwa wauguzi. California ilipopitisha mwaka 2011 sheria ya kuwaruhusu watumishi wa shule waliojitolea na kufunzwa kutoa diazepamu pale muuguzi asipokuwepo, vyama vya wauguzi viliipinga. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Kutoa dawa ni kazi ya taaluma, walisema, na shule zikiruhusiwa kutumia karani zitaacha kuajiri muuguzi. Hoja kama hiyo kuhusu insulini ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2013 majaji wakaikataa. Wakasema sheria ya uuguzi haimzuii mtu kutekeleza agizo la daktari, almradi hajifanyi muuguzi.

Nimeshikilia hilo la "kutekeleza agizo la daktari", kwa sababu linafungua mlango wetu wa tatu. Hapa Tanzania nako, kama Kenya, ni kosa kufanya kazi ya tiba bila kusajiliwa. Lakini kufanya kazi ya tiba ni kuchunguza, kuamua ugonjwa, kuchagua dawa na kipimo. Yule muuza dagaa hakuchagua chochote. Daktari alichagua, kipimo kikapimwa kwa uzito wa mtoto, mama akaamua muda umefika. Yeye alikuwa kidole kilichosukuma. Sioni hakimu wa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, akimwita huyo daktari feki.

Lipo jambo linaloifanya dawa ya kifafa iwe ngumu kuliko nyingine. Marekani unaweza kukuta naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, imewekwa maktaba au kituo cha treni kwa yeyote atakayeihitaji. Watu huuliza kwa nini ya kifafa isiwe hivyo. Jibu ni kwamba naloksoni haimleweshi mtu wala haina soko la wizi. Diazepamu na ndugu zake zinawekwa kwenye orodha ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na nchi nyingi zinazidhibiti. Vijana wa mitaani wanaijua Valium, jina la dukani la diazepamu, kwa sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo dawa ya kifafa hutembea na jina la mtu. Imeandikwa kwa ajili ya fulani na hutumika kwa fulani. Ukiwa na kichupa cha mwanao ukamwona mtoto wa jirani anatikisika, hapo naona ulinzi wote niliouelezea unaanza kuyeyuka: hakuna agizo la daktari wake, hakuna kipimo chake, hujui amekunywa nini. Mkimbize zahanati.

Kuhusu khanga zile tatu. Nilisema ningependa ionekane nililinda heshima ya binti, na ni kweli kwamba hofu hiyo haikosi msingi. Alikuwa na umri wa kama miaka 14. Tanzania imekuwa na sheria kali ya makosa ya kujamiiana tangu 1998, Kenya tangu 2006, na mwanamume anayemfunua binti asiye na fahamu mbele ya basi zima lazima afikirie ataeleza nini. Kisheria nia ndiyo inayotazamwa, na mashahidi walikuwa hamsini. Lakini mtu haogopi hukumu peke yake. Anaogopa hata kuulizwa. Njia ya dawa inaamua nani atathubutu kusaidia, na hili halimo kwenye kifungu chochote.

Ndiyo maana habari kutoka Kampala zilinifurahisha. Watafiti katika Hospitali ya Mulago waliwagawa watoto 330 waliokuwa wakitikisika kwa muda mrefu: nusu wakapewa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, nusu midazolamu ya kumiminwa kati ya shavu na ufizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Dawa ilishindwa kufanya kazi kwa asilimia 43 ya waliopewa diazepamu, na kwa asilimia 30 ya waliopewa midazolamu. Ya shavuni ilifanya vizuri zaidi, na haihitaji pazia. Ulaya imeidhinisha midazolamu ya shavuni kwa watoto tangu 2011, na Marekani ina dawa za kupuliza puani, Nayzilam (midazolamu) tangu 2019 na Valtoco (diazepamu) tangu 2020. Huku kwetu mzazi anayerudi kijijini bado mara nyingi anabeba kichupa cha kioo na bomba. Kama ningeulizwa nichague kati ya sheria mpya ya Msamaria Mwema na midazolamu ya shavuni ya bei nafuu kwenye kila zahanati, ningechukua midazolamu, na ninaamini wasaidizi wangeongezeka bila bunge kukaa.

Nasema hivyo kwa sababu mahakama inayoogopwa hasa haiko Kisutu. Iko barazani. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika jinsi watu walivyoogopa kumgusa aliyeanguka wakiamini ugonjwa unaambukiza kwa povu na mate. Aliwatibu watu waliokuwa na makovu makubwa ya moto: walikuwa wameanguka jikoni, na hakuna aliyewavuta. Mahenge iko juu tu ya Ifakara, tulikotoka na basi lile. Yule mzee wa povu hakuwa katili; alikuwa akirudia alichofundishwa.

Kwa degedege la watoto hofu ina sura nyingine. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliwakuta wazazi wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo aende kwa mganga wa jadi kwanza. Fikiria sasa msaidizi aliyesukuma bomba, na mtoto akafa kwa malaria iliyopanda kichwani, kama watoto wengi walivyokufa. Hakuna kifungu kitakachomweleza bibi wa mtoto kwamba malaria ndiyo iliyoua. Alichokiona ni bomba. Familia inaweza isiende mahakamani kamwe, na msaidizi akahama mtaa.

Hapo ndipo ile karatasi ya mama inapopata thamani ambayo sikuiona siku ile. Baada ya basi kuondoka tena aliniruhusu niisome. Ilikuwa imepigwa muhuri. Juu, jina la binti na uzito wake. Chini yake, kwa mwandiko wa haraka: asipokoma dakika 5, apewe kiasi hiki, mara moja tu, asipotulia, au akipumua vibaya, apelekwe kituo cha karibu mara moja, apewe na mzazi, mwalimu au yeyote aliye naye. Yeyote aliye naye. Kwa maneno hayo daktari alikuwa amemkabidhi muuza dagaa kazi hiyo kabla hawajaonana. Kwenye jinai, karatasi ile inaonyesha uangalifu. Kwenye fidia inaonyesha mtu mwenye busara angefanya nini. Kwa askari wa kizuizi cha barabarani, inaeleza kichupa kilichomo mkobani ni cha nani. Na kwa shangazi atakayeuliza baadaye "nani aliwaambia mumpe?", lipo jina na muhuri.

Mzazi mwenye mtoto wa kifafa anaweza kuiomba siku ya kliniki, na nakala yake ikakaa kwa mwalimu. Shule za kwetu zinazopokea mtoto wa namna hiyo kwa mdomo tu, "anaangukaga, mtuangalizie", zinamweka mwalimu mahali pabaya sana, maana yeye, tofauti na abiria, amekabidhiwa mtoto, na kwake kukaa kimya nako kunaweza kuwa uzembe.

Mama alikikunja kichupa kitupu ndani ya pindo la khanga, akafunga fundo. Wa kituo cha afya wakikiona, alisema, hawatampa nyingine juu yake. Kisha akaigeuza karatasi upande wa nyuma, ambako kulikuwa na safu ya tarehe na saa, mwandiko wa watu mbalimbali. Akaniuliza kama nina kalamu. Hiyo nilikuwa nayo.